Kutulia hufundishwa: namna ya kumwandaa mtoto mdogo kwa MRI ya ubongo

Daktari akishaandika kwenye fomu kwamba mtoto apigwe MRI ya kichwa, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, mzazi hutoka kliniki na maswali yaleyale: ni shilingi ngapi, ni lini, na ina madhara gani. Lipo swali lingine ambalo mara nyingi ndilo huamua kama kipimo kitafanikiwa, na karibu hakuna anayeliuliza siku hiyo. Mtoto wa miaka 5, ambaye hamalizi sahani ya wali bila kuinuka mara mbili, atalalaje chali nusu saa nzima, kichwa hakitikisiki, ndani ya mtambo unaogonga kwa kishindo?

Majibu tuliyoyazoea ni mawili. La kwanza ni dawa ya usingizi. La pili ni kumkazia macho: "Usipotulia, daktari atakuchoma sindano." Lile la kwanza lina mahali pake, na nitalieleza kwa urefu. La pili sina neno la kulitetea. Lipo jibu la tatu ambalo halihitaji fedha, nalo ni kumfundisha mtoto kutulia, nyumbani, siku chache kabla ya kipimo. Watoto wengi wa miaka 5 au 6 na kuendelea, na wengine wa miaka 4, wanaweza kupimwa wakiwa macho iwapo wameandaliwa. Nasema "iwapo" kwa makusudi, maana mtoto huyohuyo akifikishwa pale bila kuambiwa chochote, atalia mlangoni na safari itakuwa imekwisha.

Kwa nini mtambo unadai utulivu kiasi hicho

MRI haitumii mionzi ya aina ya eksirei au CT skani. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Mitambo mingi ya hospitali ina nguvu ya tesla 1.5 au tesla 3, na hiyo ya 1.5 peke yake inaizidi sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, zaidi ya mara 30,000. Mwili umejaa maji, na maji yana haidrojeni. Ndani ya sumaku kali viini vya haidrojeni hujipanga. Mtambo ukituma mawimbi ya redio vinayumba, na vinaporejea katika mpangilio wake vinatoa mawimbi hafifu yanayodakwa na antena iliyozunguka kichwa. Kompyuta huyapiga hesabu mawimbi hayo ikapata picha ya ubongo.

Tatizo ni muda. Picha ya simu hupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Picha za MRI hukusanywa mstari kwa mstari, kwa dakika 2, 4, hata 6 kwa seti moja, na kipimo kizima cha kichwa huwa na seti kadhaa. Ndiyo maana kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 45. Isitoshe, kila mstari unaokusanywa unabeba taarifa za picha nzima, si za kona moja yake. Kwa hiyo mtoto akigeuza kichwa katika dakika ya tatu, hakuna namna ya kuikata sehemu mbovu na kubaki na nzima. Picha yote hupata ukungu, na kingo za ubongo hujirudia pembeni kama vivuli.

Madhara yake ni makubwa kuliko picha kukosa kupendeza. Fikiria mtoto mwenye kifafa kisichotulia kwa dawa. Daktari wa mishipa ya fahamu anatafuta hitilafu ndogo kwenye gamba la ubongo, mahali ambapo gamba limenenepa kidogo au mpaka wake na sehemu nyeupe umefifia. Ni suala la milimita chache. Hitilafu hiyo ikionekana, huenda ikabadili matibabu yote, hata kumfanya mtoto afikiriwe kwa upasuaji. Kichwa kikitikisika kwa milimita hizohizo chache, hitilafu inazama kwenye ukungu na majibu yanaandikwa kwamba hakuna kilichoonekana. Familia inarudi nyumbani na karatasi isiyo na msaada, imelipa nauli na kipimo, na degedege linaendelea.

Kelele nazo zina asili yake. Ndani ya mtambo mna koili, yaani waya zilizozungushwa, zinazopitishiwa umeme mkubwa unaowashwa na kuzimwa kwa kasi. Kwa kuwa ziko ndani ya sumaku kali, kila umeme unapopita zinasukumwa na kutetemeka, na mtetemo huo ndio unaosikika. Sauti inaweza kupita desibeli 100, kiasi cha kudhuru masikio yasiyokingwa. Hakuna kitu kinachovunjika wala kinachomkaribia mtoto. Ajabu ni kwamba ukimweleza mtoto wa miaka 6 jambo hili kwa maneno mepesi, hulielewa: "Ni waya zinacheza ndani ya ukuta." Likishaeleweka, sauti inapungua ukali hata kabla hajavaa kinga ya masikio.

Anachokiogopa

Watu wazima hudhani mtoto anaogopa mtambo. Mtambo ni sehemu ndogo. Anaogopa kuachwa peke yake. Anaogopa watu wenye sare, kwa sababu karibu kila alipokutana nao aliondoka na alama ya sindano. Anaogopa ile antena inayofungwa juu ya uso wake, kofia ngumu yenye uwazi mbele ya macho. Kuliko yote, anaogopa kwa sababu hajui jambo hili litakwisha lini. Mtu mzima akiambiwa "dakika 30" anaweza kuvumilia akihesabu. Mtoto wa miaka 4 hana dakika. Ana sasa hivi tu, na sasa hivi haina mwisho.

Ukimtishia sindano unaongeza hofu juu ya hofu, na hofu ndiyo inayotikisa mwili. Ukimdanganya kwamba mnakwenda kwa bibi, kisha gari likasimama getini hospitali, unamfundisha kwamba hata neno la mama si la kutegemewa. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa maana baadaye utahitaji akuamini utakapomwambia, "Nipo hapa, siendi popote."

Doug Dietz, aliyekuwa mbunifu wa mitambo ya kupima katika kampuni ya GE, amesimulia hadharani jinsi alivyokwenda hospitali kuutazama mtambo alioubuni, akakutana na msichana mdogo akiingia chumbani huku analia kwa hofu. Alipoinama akautazama ule mtambo kwa kimo cha mtoto, aliona alichokiona yule msichana. Kutokana na hapo yeye na wenzake walianzisha vyumba vya hadithi katika hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani: meli ya maharamia, safari za angani, na wahudumu waliofundishwa kumwingiza mtoto kwenye hadithi hiyo tangu mlangoni. Sumaku haikubadilishwa. Kilichobadilika ni rangi za ukutani na maneno anayoambiwa mtoto, na watoto waliohitaji dawa ya usingizi wakapungua. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri kwamba maneno tunayompa mtoto ni sehemu ya kipimo, na maneno hata zahanati isiyo na rangi ukutani inayo.

Dawa ya usingizi na mahali pake

Si kila mtoto ataweza kupimwa akiwa macho, na hakuna aibu katika hilo. Mtoto wa mwaka 1 au 2 huwezi kumweleza wala kumfanyisha mazoezi ya kutosha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye viungo vyake vinajitikisa vyenyewe hawezi kuvizuia hata akitaka. Mgonjwa wa dharura hana siku 3 za mazoezi. Hawa wanahitaji nusukaputi au dawa ya kutuliza, chini ya mtaalamu wa usingizi, vifaa vya kupumulia vikiwa karibu na mtoto akifuatiliwa mapigo na hewa muda wote.

Hata hivyo dawa hizo zina gharama zake. Zinaweza kupunguza kupumua au kushusha mapigo ya moyo, zinamchosha mtoto siku nzima, na zinamhitaji mtaalamu ambaye katika hospitali zetu nyingi ni mmoja kwa wagonjwa wengi, hivyo foleni ya MRI ya usingizi huwa ndefu kuliko ya kawaida. Desemba 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba kutumia dawa hizi mara kwa mara, au kwa zaidi ya saa 3 mfululizo, kwa watoto walio chini ya miaka 3 kunaweza kuathiri ukuaji wa ubongo. MRI moja fupi haimo katika onyo hilo, na mzazi asikatae kipimo muhimu kwa kulisoma nusunusu. Anayepaswa kufikiriwa zaidi ni mtoto atakayerudia kipimo kila baada ya miezi kadhaa, mathalani mwenye uvimbe kwenye ubongo. Kwake yeye, kila safari atakayopimwa akiwa macho ni dawa moja imeokolewa.

Iwapo imeamuliwa kutumia usingizi, jambo moja halina mjadala nalo ni kufunga kula. Kanuni ya siku nyingi ni saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama, na saa 2 bila maji. Hospitali yako ikikupa saa zake, fuata hizo. Uji ni chakula. Maziwa ya ng'ombe na ya kopo yanahesabiwa pamoja na chakula. Chai ya maziwa vilevile. Nasisitiza kwa kuwa huruma ya nyumbani ni kubwa: bibi anamwona mjukuu analia njaa alfajiri, anamnong'oneza, "Njoo unywe chai kidogo, mama asione." Chakula kikiwa tumboni mtoto akilazwa kwa dawa, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Mwelezeni bibi mapema na kwa heshima, maana akielewa ndiye atakuwa mlinzi wa kwanza wa sahani.

Mtoto mchanga: titi na usingizi wake mwenyewe

Kwa wachanga, hasa wa chini ya miezi 3 na wengine hadi miezi 6, ipo njia ambayo kila mama wa kwetu ameijua tangu zamani: mshibishe, mfunge vizuri, alale. Katika hospitali ya St Thomas' jijini London, mradi mkubwa wa kuchora ramani ya ubongo wa wachanga umepima mamia ya watoto kwa njia hiyo, wakiwa katika usingizi wao wa kawaida.

Siri yake ni mpangilio wa saa. Mtoto afike akiwa na njaa na asilale njiani. Abadilishwe nepi na avuliwe kila kitu chenye chuma kabla ya kunyonya, siyo baada. Anyonye hadi ashibe katika chumba chenye mwanga hafifu karibu na mtambo, avishwe kinga ya masikio, afungwe kwa shuka za pamba zenye joto la mwili, halafu apewe muda wa kuzama usingizini. Hospitali nyingine zina godoro dogo linalonyonywa hewa hadi likaushika mwili pande zote bila kuubana. Wahudumu wasiwe na haraka. Dakika 20 za kusubiri mtoto alale ni bora kuliko kuanza mapema na kumwamsha katika seti ya kwanza.

Kati ya miezi 6 na miaka 3 ndiyo ngazi ngumu: amepita umri wa kulazwa kwa titi, hajafika umri wa maelezo. Vituo vingine hujaribu saa yake ya usingizi wa usiku, lakini kwa wengi dawa ndiyo njia.

Mazoezi ya mkekani

Kuanzia miaka 4 hivi, kazi inahamia nyumbani. Usianze wiki mbili kabla, maana mtoto mdogo atakaa na wazo hilo akilikuza. Siku 3 zinamtosha wa miaka 4 au 5. Mkubwa kidogo anaweza kuambiwa wiki moja kabla.

Anza na ukweli mfupi. "Daktari anataka kuona ndani ya kichwa chako ajue kinachokusumbua. Kuna kamera kubwa ya mviringo. Utalala, itapiga kelele, mimi nitakuwa karibu." Akiuliza, "Mama, inauma?" mjibu kama ilivyo: "Picha haiumi, mwanangu. Inapiga kelele tu." Iwapo daktari ameagiza dawa ya kuchomwa kwenye mshipa ili picha zionekane vizuri, usilifiche. Mwambie kuna sindano moja, itauma kidogo kisha itaisha. Uliza hospitali kama ina krimu ya ganzi inayopakwa mkononi saa moja kabla, na omba mrija wa kupitishia dawa hiyo uwekwe mapema. Mtoto akichomwa katikati ya kipimo, imani yote mliyoijenga inamwagika.

Kisha jengeni mtambo. Weka viti viwili vya migongo mirefu vikitazamana, pitisha mkeka juu yake ukunjike kama upinde, ufunge kwa kanga usiporomoke. Chini tandika godoro. Mgonjwa wa kwanza awe mwanasesere, na mtoto ndiye awe daktari. Yeye ndiye amlaze, amfunike, amwambie, "Usitikisike, nakupiga picha." Usimharakishe hapa. Mtoto anayemtuliza mwanasesere anajisemea mwenyewe, na utamsikia akitoa hofu zake moja moja: "Usilie, mama yako yuko hapo nje." Ukisikia hivyo, umeshajua kinachomsumbua, na umepata nafasi ya kumsahihisha: "Siyo nje. Nitakuwa ndani pamoja nawe." (Uwe umeshauliza hospitali kama wanaruhusu. Wengi huruhusu mlezi mmoja, akishakaguliwa kuhusu chuma na vifaa vya mwilini.)

Baadaye aingie mwenyewe. Juu ya uso mwekee kikapu chepesi cha plastiki chenye matundu, ili azoee kutazama kupitia uwazi. Anzeni kwa kutulia muda wa kuhesabu hadi 30, halafu wimbo mmoja, halafu nyimbo mbili. Mpimie muda kwa vitu anavyovijua: katuni moja, wimbo mmoja. Mweleze waziwazi anachoruhusiwa, kwa sababu watoto wengi husikia "usitikisike" wakabana pumzi hadi wanahema kwa nguvu. Kupumua ruhusa. Kupepesa macho ruhusa. Kumeza mate ruhusa, polepole. Kuongea hapana, maana taya likienda kichwa kinaenda nalo. Kukuna pua kusubiri kelele inyamaze.

Ukiwa umekaa kando yake, mwekee kizibo cha chupa ya maji juu ya paji la uso. Kikianguka, tunaanza upya, bila kugomba. Mtoto aliyewahi kucheza kombolela akajificha nyuma ya pipa pumzi kimya huku anayetafuta anapita, kutulia anakujua. Tunachomwongezea ni kukuweza pale tunapokuhitaji, na kwa muda mrefu zaidi.

Sauti za MRI zimejaa mtandaoni. Zichezeshe kwanza kwa sauti ya chini mkiwa mnafanya mengine, kisha wakati wa mazoezi zipandishe kidogo kidogo. Mwache azipe majina yeye mwenyewe: hii bodaboda, hii cherehani, hii mtu anagonga bati. Siku ya kipimo, sauti ikianza, atatabasamu kwa kuitambua badala ya kushtuka.

Mbinu hii ina mizizi katika sayansi ya tabia. Mwaka 1993 Keith Slifer na wenzake huko Baltimore walichapisha utafiti kuhusu kuwafundisha watoto wadogo kudhibiti mtikisiko wa kichwa kwa ajili ya picha za ubongo. Tangu hapo vituo vikubwa vimejenga mitambo ya kuigiza, yenye umbo na kelele lakini isiyo na sumaku. Mtoto hulala humo akitazama katuni, na kichwa kikisogea katuni inasimama, akitulia, inaendelea. Hakuna anayemfokea, katuni yenyewe inamwalimu. Nyumbani unaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu yako, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Kampuni ya LEGO nayo ilitengeneza mtambo mdogo wa MRI wa kuchezea na kuugawa kwa hospitali, kazi iliyoanza kwa ushirikiano na hospitali ya chuo kikuu cha Odense, Denmark. Wazo ni lilelile la mkeka na mwanasesere.

Msifu kwa tendo, na ulitaje: "Umetulia wimbo mzima, hata mbu alipopita." Nyota ya kalamu kwenye karatasi kwa kila zoezi inatosha. Zawadi ya siku yenyewe iwe ya kutulia, isigeuke hongo ya kunyamazisha kilio.

Chuma, shanga na hirizi

Sumaku ya mitambo hii haizimwi. Iko kazini usiku na mchana, hata wakati hapimwi mtu. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa chuma wa oksijeni ulioletwa chumbani ulivutwa na sumaku ukampiga mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mtambo, naye akafariki. Ndiyo sababu wahudumu huuliza maswali yaleyale mara tatu, na mzazi asichoke kuyajibu.

Kwa watoto wetu orodha ina mambo ambayo fomu zilizoandikwa ughaibuni hazitaji. Hereni na kipini, hilo linajulikana. Lakini pia pini zilizofichwa ndani ya nywele zilizosukwa, shanga za kiunoni zenye kifungio cha chuma, mkufu wa kimila, wanja machoni kwa kuwa baadhi ya vipodozi vina chembe za madini, kitenge au dera lenye nyuzi zinazong'aa. Na hirizi. Wazazi wengine hawaitaji kwa haya au kwa kuhofia kukemewa, nayo inaweza kuwa na risasi, fedha au chuma ndani ya ngozi iliyoshonwa. Mhudumu hana haja ya kujadili imani ya mtu. Amwambie tu mama kwa upole, "Mama, tutakutunzia, utaipokea mlangoni." Mzazi naye aitoe nyumbani asubuhi, ili mtoto asivuliwe kitu anachodhani kinamlinda dakika ileile anapoihitaji hiyo kinga. Mtoto aliyemeza sarafu au betri ndogo siku za karibuni, aliyewekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, au mwenye mrija wa kutoa maji kichwani, yote hayo yasemwe wakati wa kupanga tarehe. Baadhi ya mirija hiyo ina vali zinazoweza kubadilika mpangilio kwa sumaku, na hulazimu zikaguliwe baada ya kipimo.

Siku yenyewe

Akiwa na mafua au kikohozi, piga simu mhamishe tarehe. Hakuna mazoezi yatakayozuia chafya. Kama hakuna usingizi wa dawa, ale vizuri, na aende haja ndogo kabla ya kuingia. Fikeni mapema kiasi cha kumwezesha kuutazama mtambo akiwa mlangoni, amesimama kwa miguu yake.

Mtaalamu wa picha mwenye uzoefu na watoto hujulikana kwa dakika zake mbili za kwanza. Mtoto anamsalimu, "Shikamoo dokta," naye anachuchumaa hadi macho yao yalingane ndipo anaitikia, "Marahaba, hujambo? Huyu mwanasesere wako naye anapigwa picha leo?" Halafu anampa kipira cha kubonyeza na kumwachia akijaribu, asikie kengele inavyolia, ajue kwamba ana njia ya kuita. Anamwonyesha kioo kidogo kilicho juu ya antena, ambacho kinamwezesha kumwona mama aliyeketi miguuni. Anajaza sponji pande mbili za kichwa, anamfunika shuka ili baridi ya chumba isimtetemeshe. Na picha iliyo muhimu kuliko zote anaiweka mwanzoni, kabla uvumilivu haujaisha. Kati ya seti na seti anasema naye: "Umefanya vizuri, inayofuata ni ndefu kama wimbo mmoja."

Mama au baba aliye chumbani aushike mguu wa mtoto chini ya goti, mkono umetulia, bila kupapasa. Asimwongeleshe wakati mtambo unagonga, maana mtoto atajibu.

Kinachopaswa kukatazwa kabisa ni kumshika kwa nguvu mtoto anayepiga kelele. Kichwa kitatikisika tu, picha zitaharibika, na kipimo kijacho kitakuwa kigumu mara mbili. Mtoto akigoma, atolewe, anywe maji, ajaribu tena baada ya robo saa. Akigoma tena, kipangwe upya.

Kwa mtoto mwenye usonji mazoezi ni yaleyale ila marefu zaidi, kwa picha zinazoonyesha kila hatua kwa mpangilio usiobadilika, na ikiwezekana ziara moja ya kuona tu, isiyo na kipimo. Kwa watoto wenye vichwa vikubwa wanaofuatiliwa mara kwa mara, muulize daktari kama MRI ya haraka inatosha. Hiyo huchukua dakika chache, inatazama ukubwa wa vyumba vya maji ndani ya ubongo pekee, na mara nyingi haihitaji dawa. Mwaka 2022 katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake, pamoja na watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha hapohapo mtambo wa MRI wenye sumaku dhaifu, sehemu ndogo sana ya tesla 1, ukilenga hasa watoto wa aina hiyo. Picha za mitambo ya namna hii hazionyeshi mambo madogo kama za ile mikubwa, lakini kelele yake ni ndogo na sumaku yake haivuti vitu kwa ukali ule.

Na kama kipimo kimekatika njiani, usiondoke kabla hujauliza ni seti zipi zilizopatikana. Huenda zile za mwanzo zinatosha kujibu swali la daktari. Kama hazitoshi, andika pembeni ya fomu kilichomsaidia mtoto na kilichomshinda, kwa mfano: "alitulia nyimbo mbili, alishtuka sauti ilipobadilika ghafla, alimtaka baba." Mkabidhi karatasi hiyo mtaalamu wa picha mtakaporudi.